Bahari ya Mbalamwezi na Mchoraji wa Mukuyuni: Dhidi ya Uhakiki wa Anwani

Kuna aina ya uhakiki ambayo haihitaji kuitazama kazi ya sanaa ili kuitolea hukumu. Mhakiki wa aina hii huuliza kwanza msanii anatoka wapi, kisha huuliza kazi yenyewe inahusu nini, na majibu hayo mawili yasipolingana kesi huwa imekwisha. Mshairi wa pwani akiiimba bahari, ni haki yake. Wa bara akiiimba, anaiga. Mchoraji wa Lamu akichora jahazi chini ya mwezi, anachora maisha yake. Mchoraji wa Mukuyuni, huko kwenye milima ya Makueni, akichora jahazi hilohilo chini ya mwezi uohuo, hushukiwa kuwa ameinakili kalenda ya ukutani. Uhakiki huu, ambao hapa utaitwa uhakiki wa anwani, hujivika joho la uhalisia na wakati mwingine joho la uzalendo. Ukivuliwa joho hilo hubaki kuwa jambo dogo mno: desturi ya kusoma bahasha na kuiacha barua.

Mukuyuni imechaguliwa kwa makusudi. Jina lenyewe ni la Kikamba na maana yake ni penye mkuyu. Ni jina la mti na la nchi kavu. Kutoka hapo mpaka ufuo wa bahari ni zaidi ya kilomita 300. Mvua zake ni za kubahatisha, na mashamba yake yamekatwa matuta kwa sababu kila tone la maji ni la kugombewa. Ikiwa kuna mahali ambapo uhakiki wa anwani ungeweza kusema kwa ujasiri kwamba bahari si mali ya wenyeji wake, ni hapa. Hoja hupimwa vyema pale inapojiona ina nguvu.

Na hapa ndipo inapoanza kwenda mrama. Msemo huo, "kwenda mrama", ni wa chombo kinachoyumbayumba juu ya mawimbi, na mtoto wa Mukuyuni huujua kabla ya kumaliza shule ya msingi. Hufunzwa pia kutia nanga, kushika usukani, kutweka tanga na kupiga mbizi. Hufunzwa kwamba mfa maji haishi kutapatapa, kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na kwamba ukiona vyaelea vimeundwa. Kwa miaka mingi, mpaka mtihani wa KCPE ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, insha ya mtoto huyo ilipewa alama kwa kadiri ya utajiri wa lugha yake, na sehemu kubwa ya utajiri huo imevuliwa kutoka majini. Hapana mwalimu aliyemkata alama kwa sababu hajawahi kupanda chombo kikaenda mrama. Bahari aliyopewa kwa maneno aliitumia, akasifiwa. Siku anapoishika brashi na kuitaka bahari hiyohiyo kwa rangi, huambiwa arudi kwenye mbuyu wake na mbuzi wake. Ni vigumu kuona ni kwa kanuni gani ya nadharia ya sanaa neno liruhusiwe kupanda mpaka Ukambani na taswira yake izuiliwe Mariakani.

Wasomaji wa fasihi ya Kiswahili wamekwisha kuuona mgogoro wa namna hii. Katika miaka ya 1970, hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kuitoa diwani ya Kichomi mwaka 1974, mjadala wa vina na mizani haukuwa wa mizani peke yake. Chini yake kulikuwa na swali la mwenye mali: je, watu wa bara waliojifunza Kiswahili shuleni wana haki ya kuugusa ushairi ambao wenyewe wako Mombasa, Lamu, Tanga na Unguja? Swali hilo halikujibiwa kwa hoja. Lilijibiwa kwa kazi. Leo K. W. Wamitila, mwana wa Ukambani, ni mwandishi wa Bina-Adamu! na wa vitabu vya nadharia ambavyo hata wanafunzi wa pwani huvitegemea. Kithaka wa Mberia wa Tharaka anasomwa bila mtu kumwomba cheti cha kuzaliwa. Basi yashangaza kwamba wahakiki walewale walionufaika na ushindi huo, wanapoingia katika jumba la maonyesho ya picha, huirudisha hoja iliyoshindwa na kuitundika ukutani.

Aidha, historia yenyewe inawaumbua. Wakamba hawakuisikia bahari kwa redio. Katika karne ya 19 misafara yao ya pembe za ndovu ilishuka Mombasa mara kwa mara, na baadhi yao walilowea karibu na Rabai. Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa Kitui aliyempokea Johann Ludwig Krapf mwaka 1849, mali yake ilitegemea njia ya pwani mpaka alipouawa mwaka 1851. Karne ya 20 ilileta reli, kisha bandari na vibarua wake. Mutisya Munge wa Wamunyu, ambaye husimuliwa kuwa mwanzilishi wa uchongaji wa biashara wa Wakamba, alijifunza kazi hiyo Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1963 ushirika wa wachongaji wa Kikamba ukaanzishwa Changamwe, mwendo mfupi tu kutoka maji ya Kilindini. Vizazi vya wachongaji wa bara vimeuona mwezi ukipanda kutoka upande wa bahari jioni wanapofunga kazi. Hata hivyo wakichonga twiga, ambaye wengi wao hawakuishi naye, husifiwa kwa uasilia wao.

Hoja hii ya historia isipewe uzito kupita kiasi lakini. Kuonyesha kwamba Wakamba waliijua bahari ni kuwajibu wahakiki wa anwani kwa lugha yao wenyewe, kana kwamba ushahidi wa babu aliyefika Mombasa ndio unaompa mjukuu kibali cha rangi ya buluu. Hata kama hapana Mkamba aliyewahi kuloa magoti kwa maji ya chumvi, swali la sanaa lingebaki vilevile: picha hii imeona nini?

Mfano ulio bora zaidi unatoka kwa Elimo Njau. Msanii huyu, aliyezaliwa Tanganyika upande wa Kilimanjaro na ambaye mwaka 1965 alishiriki kuanzisha Paa ya Paa jijini Nairobi, alichora mwishoni mwa miaka ya 1950 picha kubwa za ukutani katika kanisa la ukumbusho la Murang'a. Ndani yake mna maisha ya Kristo, kuanzia kuzaliwa mpaka kusulubiwa, katika mandhari ya Kenya. Hebu wahakiki wa anwani wazihukumu. Mchaga, ambaye si wa Murang'a, anachora tukio la Bethlehemu, ambako hakuzaliwa, na kuliweka katika vilima vya Wagikuyu. Anwani tatu, na hapana hata moja inayolingana na nyingine! Picha hizo hata hivyo zinahesabiwa miongoni mwa kazi za msingi za uchoraji wa kisasa wa Afrika Mashariki. Njau huyohuyo ndiye anayejulikana kwa wito wake mkali dhidi ya kuiga, na wito huo umekuwa rungu mikononi mwa watu wasioutafakari. Kuiga alikokukataa ni kuchukua jicho la mtu mwingine. Kuchukua somo ambalo wengine pia wamelichora ni jambo lingine kabisa. Kama sivyo, asingeligusa zizi la Bethlehemu.

Upande wa pili wa uhakiki huu ni mzito zaidi na unastahili kujibiwa kwa uangalifu. Unasema hivi: tuseme mchoraji wa Mukuyuni ana haki ya bahari, kwa nini basi aichague bahari ya usiku, yenye mwezi na vivuli, katika nchi yenye njaa na mito iliyokauka? Je, huko si kuwatumikia watalii na mabwanyenye? Je, si ile sanaa kwa ajili ya sanaa ambayo wahakiki wa miaka ya 1970 na 1980 waliipiga vita?

Kuna ukweli ndani ya shutuma hii, na yafaa ukubaliwe bila kigugumizi. Picha nyingi za bahari ya mbalamwezi zinazouzwa kando ya barabara na katika maduka ya mahoteli ni mbovu. Lakini ubovu wake ni upi? Si mwezi uliomo. Ubovu wake ni kwamba aliyezichora hakutazama. Mwezi huwa mkubwa kama sinia, ilhali mwezi wa kweli, hata unapoonekana mkubwa ukiwa karibu na upeo wa macho, hufunikwa na ncha ya kidole kidogo mkono ukinyooshwa. Jua linatua baharini mahali panapodaiwa kuwa Malindi au Diani, ilhali bahari ya Kenya iko mashariki na jua la huko hutua juu ya nchi kavu. Anayechomoza majini wakati wa magharibi ni mwezi mpevu, tena kwanza akiwa wa rangi ya chungwa kwa sababu nuru yake inapenya hewa nzito. Mitumbwi ya dagaa imewasha karabai chini ya mwezi mpevu, jambo ambalo mvuvi yeyote wa Unguja, au wa Ziwa Victoria, angelicheka. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza; mwezi ukijaa taa hazina nguvu ya kuwavuta samaki, na wavuvi hupumzika, hushona nyavu na kuhesabu madeni. Usiku ambao mtalii huuona kuwa wa mapenzi ni usiku ambao nyumba ya mvuvi wa dagaa haina kipato.

Hapo ndipo ubwanyenye wa picha unapopatikana, ndani ya kosa la kutazama. Mchoraji aliyetazama angechora vyombo vimepandishwa ufuoni na taa zimezimwa, na picha yake ingesema juu ya uchumi wa pwani kuliko hotuba. Mhakiki anayeushutumu mwezi kwa jumla hawezi kuutambua uongo huu wa karabai, kwa kuwa amekwisha kuikataa picha kabla ya kuzihesabu taa. Anamwacha mchoraji mwongo aende zake na kumfungia mlango mkweli. Tena maji yenyewe yana habari zake: mwezi mpevu ni wakati wa bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana, na picha ya mwezi mpevu yenye maji mafu imekosa jambo ambalo mtoto yeyote wa Vanga analijua.

Sasa kuhusu nuru yenyewe. Wahakiki wengi wa fasihi huichukulia kuwa pambo, na hapa ndipo makosa yao yanapokuwa ya kitaaluma. Jua huangaza kiasi cha mara 400,000 kuliko mwezi mpevu. Katika mwanga hafifu kiasi hicho jicho la binadamu huacha kutumia chembe zake za kutambua rangi na kutegemea zile zinazotambua weusi na weupe tu. Rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kufa. Huwa nyeusi, huku zilizo karibu na buluu zikionekana kupauka. Jambo hili lilielezwa na mwanasayansi Jan Purkyně katika karne ya 19, lakini mkulima wa Mukuyuni halihitaji jina hilo. Anajua kwamba udongo wake mwekundu, ambao mchana huonekana kama tofali lililookwa, usiku wa mbalamwezi ni mweusi, na kwamba mabati ya paa la jirani, yaliyoshika kutu upande mmoja, yanaonekana meupe upande usio na kutu na kupotea kabisa upande wa pili.

Ni nani basi aliye na ujuzi mkubwa wa mbalamwezi: mkaaji wa mtaa wa Nairobi wenye taa za barabarani usiku kucha, au mtu aliyelelewa mahali ambapo kwa miaka mingi mwezi ndio uliokuwa taa? Bara kavu si mahali pa kukosa mafunzo ya nuru. Mito ya Ukambani ni mito ya mchanga kwa sehemu kubwa ya mwaka, na mchanga huo ukimulikwa na mwezi hung'aa kuliko kingo zake. Mchoraji aliyeutazama mchanga huo kutoka juu ya kilima amekwisha kujifunza nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni hii: mchanga hutawanya nuru pande zote, kwa hiyo mto mzima huonekana mweupe popote atazamaji anaposimama, maji hurusha nuru upande mmoja tu. Kila wimbi dogo ni kioo kilichoinamishwa, na ni yale tu yaliyoinama kwa pembe inayofaa yanayolitumia jicho mmeto wa mwezi. Ndiyo maana juu ya bahari huonekana njia ya fedha, na ndiyo maana njia hiyo humwelekea kila mtazamaji peke yake. Wawili waliosimama mbalimbali ufuoni hawaoni njia moja. Upepo ukitulia njia huwa nyembamba. Upepo wa kusi ukivuma hutawanyika na kuwa uwanja. Chombo kikiwa ndani ya njia hiyo ni kivuli cheusi kitupu, hakina ubao wala rangi. Kikiwa nje yake ni weusi juu ya weusi, na huenda kikatambulika kwa ukingo wa tanga tu.

Kuyaweka hayo juu ya turubai ni kazi nyingine. Hapana rangi yenye nguvu ya mwezi. Weupe mkali kabisa wa rangi ya mafuta huuzidi weusi wake kwa mara makumi machache tu, na kwa kiasi hicho kidogo mchoraji lazima ausimamishe mwezi, wingu lililo kando yake, njia ya maji, povu la wimbi linalovunjika, na giza la mikoko. Ni bajeti ya maskini. Anayeumwaga weupe kwenye kila povu hatakuwa na wa kuupa mwezi. Anayejua huuweka akiba, hutia usiku wake si kwa rangi nyeusi ya kopo bali kwa buluu nzito iliyochanganywa na hudhurungi, huziacha kingo za vitu zipotee, na hulififisha lile bomba la upeo wa macho ambalo wanafunzi hulichora kwa rula, kwa kuwa hewa ya pwani ina unyevu na mahali bahari inapokutana na mbingu usiku hapana mstari. Kivuli nacho kina sheria zake. Juu ya mchanga mnazi hutupa kivuli chenye ukingo. Juu ya maji makuu hakionekani, na kinachoonekana ni taswira ya mnazi iliyopinduka na kukatikakatika. Picha inayotia kivuli cha mnazi juu ya mawimbi kama inavyokitia juu ya mchanga imechorwa na mtu aliyeketi chumbani na kitabu.

Ujuzi huu hauna kabila wala kizazi, na umetafutwa na watu wa kila namna. J. M. W. Turner, mtoto wa kinyozi wa katikati ya London, alikuwa na umri wa miaka 21 alipoonyesha mwaka 1796 picha yake ya wavuvi baharini usiku, ambamo nuru mbili zinapingana: mwezi baridi mbinguni na taa ya moto ndani ya mashua. Ivan Aivazovsky alizaliwa Feodosia kando ya Bahari Nyeusi, akaishi akiitazama. Pamoja na hayo bahari zake alizichora kutokana na kumbukumbu, ndani ya chumba, kwa sababu aliamini kwamba mwendo wa mawimbi haukamatiki na brashi papo hapo. Basi hata mwana wa pwani akichora, anachora bahari isiyokuwapo mbele yake. Arkhip Kuindzhi alionyesha picha moja tu jijini St Petersburg mwaka 1880, mto Dnieper usiku wa mwezi, katika ukumbi uliotiwa giza, na watu wakachungulia nyuma yake wakidhani pana taa. Rangi zake zilikuja kuwa nyeusi kadiri miaka ilivyopita. Alizichanganya kwa ujasiri uliozidi hadhari.

Naye James Whistler anafaa kukumbukwa na kila mhakiki kabla hajafungua kinywa. Mwaka 1877 John Ruskin, aliyekuwa mhakiki mwenye sauti kubwa kuliko wote Uingereza, alizishambulia picha zake za usiku kwa maneno ya dharau. Whistler alimshtaki, akashinda mwaka 1878, akapewa fidia ya farthing moja isiyonunua hata mshumaa, na gharama za kesi zikamfilisi. Ajabu ni kwamba Ruskin huyohuyo ndiye aliyeitumia nusu ya maisha yake kumtetea Turner dhidi ya watu wasiojua kutazama. Jicho lililofunzwa na usiku mmoja lilikataa usiku wa pili kwa kuwa haukufanana na wa kwanza. Uhakiki wa Kiswahili una akina Ruskin wake, na si lazima watajwe.

Kuna wanaosema kwamba nuru na kivuli ni mambo ya Ulaya, na kwamba uchoraji wa Kiafrika ni wa rangi bapa. Husaidiwa na jina la Edward Saidi Tingatinga. Lakini Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972, alichora kwa rangi za kupaka baiskeli juu ya vibao kwa sababu ndizo alizoweza kuzipata na kuzimudu. Akaufanya uhaba huo kuwa mtindo, na huo ndio ufundi wake. Kuugeuza uhaba wa mtu mmoja kuwa sheria ya bara zima ni kumtukana yeye na kulitukana bara. Mwezi haukuvumbuliwa Uholanzi.

Tatizo la kweli, ambalo uhakiki wa anwani unalifunika, ni la shule. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 sanaa na kazi za mikono zilikuwa somo la mtihani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ziliondolewa katika mtihani wa mwisho wa shule za msingi, na kisichotahiniwa nchini Kenya hakifundishwi. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa mwaka 2017 umezirudisha sanaa darasani, lakini katikati hapo kimepita kizazi kizima kilichofunzwa kuieleza mbalamwezi bila kufunzwa kuiona. Matokeo yake yamo ndani ya insha: mwezi "uliong'aa kama sahani ya fedha", bahari "iliyometameta kama kioo", usiku wowote, mahali popote, iwe ni hadithi ya harusi au ya wizi wa mabavu. Hiyo ndiyo kalenda ya ukutani katika umbo la maneno. Miongozo ya vitabu vya kutahiniwa huikamilisha kazi hiyo kwa kuiweka mandhari chini ya kichwa chake, mistari mitatu, mahali na wakati, kana kwamba ni sanduku la barua ambamo matukio hutiwa. Said Ahmed Mohamed aliiita riwaya yake Kiza Katika Nuru mwaka 1988, na jina hilo peke yake lingetosha kumfunza msomaji kuuliza nuru inatoka upande gani na inamficha nani. Ni mara ngapi swali hilo limeulizwa katika karatasi ya mtihani?

Laiti wahakiki wangeifuata nuru, wangefika mahali ambapo shutuma yao ya pili, ile ya njaa na mito iliyokauka, ingejibiwa na bahari yenyewe. Maji ya mvua ya milima hii ya Makueni huteremka kwa mto Kaiti na Thwake mpaka Athi; Athi huwa Galana, Galana huwa Sabaki, na Sabaki humwagika karibu na Malindi. Nyakati za mvua ghuba ya Malindi hugeuka hudhurungi, na wageni hulalamika kwamba bahari ni chafu. Uchafu huo ni udongo wa mashamba, na Ukambani imetoa sehemu yake. Utafiti wa matumbawe ya Malindi uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba udongo uliofika huko uliongezeka kuanzia miongo ya mwanzo ya karne ya 20, wakati serikali ya kikoloni ilipowabana wakulima katika maeneo finyu. Mwaka 1938 serikali hiyohiyo iliwanyang'anya Wakamba ng'ombe kwa kisingizio kwamba ndio wanaoharibu ardhi. Maelfu waliandamana mpaka Nairobi, na kiongozi wao, Muindi Mbingu, akakamatwa na kuhamishiwa Lamu. Mtu na udongo wake wote wawili walipelekwa baharini.

Basi mchoraji wa Mukuyuni anayeichora ghuba ya Malindi usiku wa mwezi mpevu, mvua za masika zikiwa zimekatika kidogo na mawingu yameachana, ana kazi mahususi ya rangi mbele yake. Mimeto ya juu ya mawimbi itakuwa ileile, kwa kuwa kioo hakijali kilicho chini yake. Lakini baina ya mmeto na mmeto, maji yenye tope hurudisha nuru kidogo kutoka tumboni mwake. Giza lake ni zito lakini si refu, limepauka, lina ukungu ndani yake, na wekundu ambao mwezi umeuua lazima udokezwe bila kuonyeshwa, pengine kwa kuitia turubai msingi wa hudhurungi nyekundu kabla ya buluu na kuuacha uchungulie mahali pachache. Mhakiki akisimama mbele ya picha hiyo aanze na swali hilo: weusi ule ulio kati ya mimeto, ni wa maji matupu, au mna shamba la mtu ndani yake?